Pesa Zikivuka Mpaka, Nani Anaweza Kuzirudisha?

Safu ya Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: nikiagiza bidhaa mtandaoni kutoka nchi nyingine, nilipe kwa njia ipi ili nisipoteze pesa zangu? Nimechagua saba na kuzifupisha bila kubadili maana. Kabla sijaanza kujibu, nieleze kipimo ninachotumia, kwa kuwa kitajirudia katika kila jibu. Siangalii kwanza njia ipi ina makato madogo wala ipi ina kasi. Najiuliza kwamba bidhaa isipofika, au ikifika ikiwa si ile niliyoagiza, ni nani mwenye uwezo wa kunirudishia pesa hata kama muuzaji amekataa, na nina siku ngapi za kumwendea mtu huyo. Njia isiyo na jibu kwa swali hilo siihesabu kuwa njia ya kununulia vitu. Ni njia ya kutuma pesa tu.

Swali: Ndugu Mhariri, salaam. Nimepata cherehani ya kiwandani niliyoitafuta kwa muda mrefu, katika tovuti ya muuzaji aliye nchi ya mbali. Tovuti inapokea kadi, lakini nilipomwandikia kuuliza habari za usafirishaji, alinijibu kwamba nikilipa moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki atanipunguzia asilimia 15, kwa sababu kampuni za kadi humkata pesa nyingi. Amenitumia ankara yenye nembo na muhuri. Je, si salama zaidi kupitia benki kuliko kuandika namba za kadi yangu mtandaoni? – Fundi cherehani

Jibu: Dada yangu, hofu yako ya kuandika namba za kadi mtandaoni ina msingi, lakini umechanganya hatari mbili ambazo dawa zake ni tofauti. Hatari ya kwanza ni mtu wa tatu kuiba namba za kadi yako na kuzitumia. Hatari ya pili ni muuzaji mwenyewe kupokea pesa na kukaa kimya. Ya kwanza ina kinga nyingi, nami nitazieleza mbele. Ya pili ina kinga moja tu ya kutegemewa, nayo ni uwezo wa kuzirudisha pesa baada ya kuwa zimeshatoka.

Tazama kinachotokea unapohamisha fedha kutoka benki kwenda benki ya nchi nyingine. Mara nyingi agizo lako hupitia SWIFT, mtandao ulioanzishwa Ubelgiji mwaka 1973, ambao kazi yake ni kubeba ujumbe baina ya benki na benki. SWIFT haishiki pesa zako wala haiamui ugomvi wa mnunuzi na muuzaji. Fedha zikishaingizwa katika akaunti ya mpokeaji, benki yako inaweza kuandika ombi la kuzirudisha, lakini kwa kawaida benki ya upande wa pili haiwezi kuzitoa bila ridhaa ya mteja wake, na aliyekusudia kukudhulumu hatatoa ridhaa hiyo. Hapo maji yameshamwagika. Zaidi ya hayo, katika malipo mengi yanayovuka mipaka benki hufuata namba ya akaunti na si jina, kwa hiyo jina la kampuni lililoandikwa vizuri juu ya ankara halithibitishi kwamba akaunti ni ya kampuni hiyo.

Kadi hufanya kazi kwa namna nyingine. Muuzaji anayepokea kadi ana mkataba na benki yake, na benki hiyo imekubali kanuni za mtandao wa kadi, uwe Visa, Mastercard au mwingine. Miongoni mwa kanuni hizo ni kwamba mnunuzi akilalamika kwa benki iliyompa kadi kuwa bidhaa haikufika au si ile iliyoelezwa, benki yake inaweza kudai malipo hayo yarudishwe, na jukumu la kuthibitisha kwamba mzigo ulifika huwa la muuzaji. Kwa Visa na Mastercard, madai mengi ya aina hii yana muda wa siku 120, na kwa bidhaa ambayo haikufika siku hizo kwa kawaida huhesabiwa kuanzia tarehe iliyotarajiwa kufika. Benki yako inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi, basi iulize kabla hujanunua.

Sasa rudi kwenye ile asilimia 15. Makato ambayo wauzaji hulipa kwa kupokea kadi kwa kawaida ni asilimia chache tu, mbili au tatu hivi. Muuzaji anayekuachia 15 ili aepuke makato ya tatu hafuati faida ya biashara yake. Anachonunua kutoka kwako ni ile haki yako ya kudai marejesho. Itazame tena ankara, hasa mistari ya chini yenye maelezo ya benki. Jina la akaunti ni la kampuni au la mtu binafsi? Benki iko katika nchi ileile ambayo kampuni inadai kuwako? Nimeona ankara kadhaa za namna hii, na mara nyingi muhuri hung'aa kuliko kitu kingine chochote huku nchi ya benki ikiwa si ile ya ofisi.

Mwandikie sentensi moja: "Nitalipa kwa kadi, kwa bei kamili, kupitia tovuti yako." Muuzaji wa kweli hapotezi chochote kwa jibu hilo. Akianza kusema kwamba mfumo wa kadi umeharibika leo, achana naye, hata kama cherehani hiyo ndiyo uliyoiota.

Niongeze kidogo kwa haki: kampuni zinazofanya biashara baina yao hulipana kupitia benki kila siku. Lakini katika mizigo mikubwa hutumia benki pia kama mshika ahadi, yaani benki ya mnunuzi huahidi kulipa pale tu nyaraka za usafirishaji zitakapowasilishwa kama zilivyokubaliwa. Wewe hukupewa mpango wa aina hiyo.

Swali: Mimi ni mstaafu. Nina kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti ninayopokelea pensheni. Kijana wangu ananiambia nisiitumie kununulia vitabu vya nje, nitafute kadi ya mkopo. Sipendi madeni na sijawahi kuishi kwa mkopo. Je, kuna tofauti ya kweli kati ya kadi hizi kwa upande wa usalama? – Msomaji mstaafu

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Kijana wako hakukosea, ingawa na wewe una sababu njema, na ipo njia ya kuwaridhisha wote wawili.

Tofauti kubwa ni kwamba katika mgogoro wa kadi ya mkopo, pesa zinazogombaniwa ni za benki, na wewe una deni ambalo umelipinga. Katika mgogoro wa kadi ya debiti, yaani inayokata moja kwa moja kwenye akaunti kama hiyo yako, pesa zimeshatoka katika akaunti yako, nawe unangoja zirudi, pengine kwa wiki kadhaa, ilhali mahitaji ya nyumbani hayangoji. Kanuni za Visa na Mastercard za kudai marejesho hugusa kadi za aina zote mbili, lakini maumivu ya kungoja hayalingani.

Katika baadhi ya nchi sheria nazo zimeongeza tofauti hiyo. Marekani, sheria humwekea mwenye kadi ya mkopo kikomo cha dola 50 kwa matumizi ambayo hakuyaidhinisha. Kadi ya debiti ikipotea au ikiibwa, kikomo ni dola 50 akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kugundua, hupanda hadi dola 500 akichelewa, na akipitisha siku 60 tangu apelekewe taarifa ya akaunti bila kusema lolote anaweza kupoteza zaidi ya hapo. Uingereza, kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974 humfanya mtoaji wa kadi ya mkopo awajibike pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, na mwaka 2007 Baraza la Malodi, lililokuwa bado mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, liliamua kwamba ulinzi huo unahusu pia manunuzi yaliyofanywa nje ya Uingereza. Nimetaja sheria hizi ili uone uzito wa jambo lenyewe. Hazimlindi mtu aliye chini ya sheria za nchi nyingine. Benki iliyotoa kadi yako ndiyo itakayokueleza haki zako, nami ningeomba maelezo hayo kwa maandishi.

Kwa mtu asiyependa mkopo, napendekeza hivi. Fungua akaunti ya pili, au omba kadi ya malipo ya awali, ambamo hutaweka chochote isipokuwa kiasi cha kitabu unachokwenda kununua na nauli ya kukisafirisha. Siku hizi benki nyingi, na hata huduma kadhaa za pesa kwa simu, hutoa kadi pepe, yaani namba za kadi zisizo na plastiki, unazoweza kuziwekea kikomo, kuzifunga baada ya malipo moja, na kufungua nyingine siku ya pili. Anayeiba namba za kadi iliyofungwa hana cha kuchukua. Muhimu zaidi, atakuwa hajaugusa mlango wa chumba kilichohifadhi pensheni yako.

Kuna tahadhari moja. Kadi pepe na kadi ya malipo ya awali hukulinda vizuri dhidi ya mwizi wa namba, lakini kabla ya kuichukua uliza namna ya kudai marejesho, na uliza pia pesa zitarudi wapi ikiwa kadi imeshafungwa. Watoaji wengine wana utaratibu mzuri wa kuzielekeza kwenye akaunti kuu. Wengine hukuacha ukihangaika. Mhudumu akishindwa kukujibu swali hilo kwa maneno yanayoeleweka, tafuta mtoaji mwingine.

Swali: Nanunua gitaa lililotumika kutoka kwa mtu binafsi ng'ambo. Amekubali PayPal, lakini anasema nichague malipo ya "marafiki na familia" ili kusiwe na makato. PayPal si salama kwa vyovyote? – Mpiga gitaa

Jibu: Hapana, mdogo wangu, si kwa vyovyote. Katika PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, kuna malango mawili yanayofanana kwa nje, na ulinzi wa mnunuzi uko katika lango moja tu.

Ukichagua malipo ya bidhaa na huduma, una siku 180 tangu siku ya kulipa za kufungua mgogoro endapo gitaa halikufika au lilifika likiwa tofauti sana na maelezo. Mgogoro huo kwanza ni mazungumzo kati yako na muuzaji; msipoelewana, ni lazima wewe mwenyewe uupandishe uwe dai rasmi ndani ya siku 20, la sivyo hujifunga wenyewe. Wengi huzijua siku 180 na kuzisahau zile 20, wakaendelea kubadilishana jumbe za upole na muuzaji hadi mlango ukafungwa. Weka tarehe kwenye kalenda ya simu yako siku ileile unapofungua mgogoro.

Ukichagua marafiki na familia, umeieleza PayPal kwamba unampa pesa mtu unayemfahamu, wala hapakuwa na mauzo. Huwezi baadaye kurudi ukadai gitaa. Basi mwambie muuzaji kwamba makato utayabeba wewe. Ongeza kiasi hicho juu ya bei, ulipe kwa njia ya bidhaa, na ikiwezekana uunganishe PayPal na kadi badala ya akaunti ya benki, ili nyuma ya ulinzi wa PayPal uwe pia na ule wa kadi. Lakini usifungue madai yote mawili kwa wakati mmoja, kwa sababu dai la kadi husababisha lile la PayPal kufungwa.

Swali: Nitajuaje kwamba ukurasa wa malipo ni salama? Nimefundishwa kutazama alama ya kufuli. Tena muuzaji mmoja ameniomba picha ya kadi yangu, mbele na nyuma, "kwa uhakiki". – Mama wa nyumbani

Jibu: Dada, nianze na picha, kwa kuwa jambo hilo haliwezi kungoja: usiitume. Ikiwa umeshaituma, ifunge kadi hiyo sasa, kabla hujaendelea kusoma, kisha omba kadi mpya.

Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi zipo ili kuonyesha kwamba anayelipa ameishika kadi mkononi. Kanuni za usalama wa data za kadi, zijulikanazo kama PCI DSS, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2004, humkataza muuzaji kuzihifadhi tarakimu hizo baada ya malipo kuidhinishwa. Picha iliyokaa katika barua pepe au katika simu ya mhudumu wa duka ni kuzihifadhi waziwazi. Muuzaji anayeomba picha ya pande zote mbili ama hazijui kanuni za kazi yake ama anazijua vizuri sana, na katika hali zote mbili hafai kupewa kadi.

Kuhusu kufuli, wengi tumefundishwa nusu ya somo. Alama ile huonyesha kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti yamesimbwa, hivyo mtu aliye katikati hawezi kuyasoma. Haisemi lolote kuhusu tabia ya aliye upande wa pili. Vyeti vya usimbaji vinapatikana bure, na tapeli hupata chake kwa dakika chache kama mfanyabiashara mwaminifu. Google yenyewe, mwaka 2023, iliiondoa alama ya kufuli kwenye upau wa anwani wa kivinjari chake cha Chrome na kuweka alama nyingine, kwa kuwa watu waliitafsiri kuwa ithibati ya uaminifu wa tovuti. Ukosefu wa usimbaji ni sababu ya kuondoka. Kuwapo kwake si sababu ya kubaki. Soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi, na uifikie kwa kuiandika mwenyewe au kwa alamisho uliyoihifadhi, si kwa kiungo ulichotumiwa.

Kinga ambayo watu huipita kwa haraka, nami ningependa tuisimamie kidogo, ni ile namba ya uthibitisho ambayo benki hukutumia kwa simu wakati wa kulipa. Utaratibu huo huitwa 3-D Secure, na Visa iliuanzisha kwa wateja mwaka 2001. Ujumbe ukiingia, jicho hukimbilia tarakimu sita na vidole huziandika kabla hatujasoma maneno yaliyozizunguka. Mimi hufanya kinyume: hufunika tarakimu kwa kidole gumba na kusoma kwanza maneno. Kiasi gani? Kwa sarafu gani? Kwa muuzaji yupi? Ukurasa unapoonyesha yuro 48 na ujumbe unasema yuro 480, au unaponunua vitambaa na ujumbe unataja jina la duka la vifaa vya umeme, tarakimu hizo haziandikwi popote. Tena hazisomwi kwa sauti kwa mtu yeyote anayepiga simu, hata akijitambulisha kuwa anatoka benki na akalitaja jina lako kamili. Ukishaitoa namba hiyo, ni vigumu kuishawishi benki baadaye kwamba malipo hukuyaidhinisha. Haki ya kudai kwamba bidhaa haikufika hubaki palepale, lakini ile ya kudai kwamba hukuwa wewe hudhoofika sana.

Kama simu yako inakuruhusu kulipa kwa Apple Pay au Google Pay, na tovuti inapokea, tumia. Hapo kwa kawaida muuzaji hapati namba halisi ya kadi bali namba mbadala ya kifaa chako, na hata hifadhi ya duka ikivunjwa, namba ya kadi yako haimo.

Swali: Ukurasa wa malipo huniuliza kama nilipe kwa sarafu ya muuzaji au kwa sarafu ya kwetu. Nichague ipi? – Msomaji

Jibu: Mara nyingi chagua sarafu ya muuzaji, ili ubadilishaji ufanywe na benki yako na mtandao wa kadi. Ukichagua sarafu ya kwenu, ubadilishaji hufanywa na upande wa muuzaji kwa kiwango alichojipangia, ambacho kwa kawaida kimeongezwa asilimia kadhaa. Iulize benki yako makato yake ya malipo ya nje ili ulinganishe. Hili ni suala la gharama zaidi kuliko usalama, ila lina faida moja kwa mwenye mgogoro: kiasi kilicho kwenye risiti huwa katika sarafu ileile ya bei aliyoitangaza muuzaji, na hoja yako husomeka kwa urahisi.

Swali: Nimeshakosea. Nililipia simu kwa Western Union kwa jina la mtu aliyejiita wakala wa duka, halafu nikaambiwa niongeze "ushuru" kwa bitcoin, nikaongeza. Sasa hawapokei simu. Kuna la kufanya? – Aliyeumia

Jibu: Pole sana, ndugu yangu. Aibu unayoisikia isikufunge mdomo, kwa maana kila saa ina thamani hapa. Piga simu kwa kampuni uliyotumia kutuma pesa, ukiwa na namba ya muamala mkononi, na uulize kama fedha zimeshachukuliwa. Kama bado, zinaweza kuzuiwa. Kama zimechukuliwa, bado andikisha malalamiko ya utapeli kwa kampuni hiyo na kwa polisi, kwa sababu kumbukumbu hizo hufungua milango baadaye: mwaka 2017 Western Union ilikubali kutoa dola milioni 586 katika makubaliano na serikali ya Marekani kuhusu matapeli walioitumia huduma yake, na sehemu ya fedha hizo ikawalipa waliodhulumiwa. Kampuni hiyo yenyewe huwaonya wateja wasimtumie pesa mtu wasiyemfahamu.

Kwa ile bitcoin sitakupa matumaini ya uongo. Mfumo huo, ulioanza kazi mwaka 2009, ulijengwa makusudi bila mtu wa katikati, na muamala ukishathibitishwa hakuna wa kuufuta. Ikiwa uliinunua na kuituma kupitia soko la sarafu za kidijitali, lieleze soko hilo haraka na uwape anwani uliyotumia, kwani mara chache huwahi kuzuia. Ndivyo ilivyo pia kwa namba za kadi za zawadi: mpe taarifa mtoaji mara moja, ila tambua kwamba muuzaji halali hadai kulipwa kwa kadi za zawadi za duka jingine.

Nakuonya jambo moja la mwisho kwa mkazo. Katika siku zijazo huenda akakutafuta mtu anayedai kuwa ni mtaalamu wa kurejesha pesa zilizoibwa, kwa malipo kidogo ya kuanzia. Majina ya waliotapeliwa huuzwa kati ya matapeli. Usimpe chochote.

Swali: Ninanunua kupitia soko kubwa la mtandaoni linaloshikilia malipo hadi nithibitishe kupokea. Mashine ya kusagia niliyoagiza imefika na mpasuko kwenye mfuniko. Nimefungua mgogoro, lakini muuzaji ananiomba kwa heshima niufunge kwanza, kisha atanirudishia nusu ya pesa "pembeni". Anaonekana mtu mwema. Nifanyeje? – Mnunuzi wa mara ya kwanza

Jibu: Usiufunge, dada yangu. Nakujibu hivi kwa uchungu wa kilichonipata mimi mwenyewe.

Utaratibu wa soko kuzishika pesa katikati ni miongoni mwa ulinzi bora alionao mnunuzi wa mbali. Alipay, iliyoanzishwa China mwaka 2004, ilikua kwa wazo hilohilo: mnunuzi na muuzaji wasiofahamiana wanaweza kuaminiana ikiwa pesa zitakaa kwa mwingine hadi mzigo ufike. Lakini nguvu ya utaratibu huo yote imo katika ule muda ambao pesa bado zimeshikwa, na katika mgogoro ulio wazi. Ukibonyeza "nimepokea", au ukiufunga mgogoro, masoko mengi huziachia pesa na hayaruhusu ufunguliwe tena kwa sababu ileile.

Miaka kadhaa iliyopita niliagiza lenzi ya kamera, ikafika ikiwa na ukungu ndani ya kioo. Nilifungua mgogoro na kupakia picha tatu. Muuzaji aliniandikia kila siku, akinieleza kwamba akaunti yake itaadhibiwa na kwamba familia yake inategemea duka hilo. Siku ya kumi nikaufunga. Hakuniandikia tena. Nilipoiendea benki yangu, swali la kwanza waliloniuliza lilikuwa ni kwa nini kumbukumbu za soko zinaonyesha kwamba mteja aliridhika.

Basi yafanye haya leo. Yaweke mazungumzo yote ndani ya soko lenyewe, si kwenye WhatsApp, kwani msimamizi wa mgogoro husoma yale tu yaliyo mbele yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lako hapa ni picha: piga picha ya sanduku likiwa na lebo ya usafirishaji inayosomeka, kisha mfuniko kwa karibu, kisha mpasuko ukiwa na rula kando yake, na uhifadhi picha ya skrini ya ukurasa wa bidhaa kama ulivyo sasa, kabla muuzaji hajaubadilisha. Angalia tarehe ya mwisho ya mgogoro na tarehe ambayo pesa zitaachiwa zenyewe. Halafu mjibu muuzaji kwa adabu ileile anayokuonyesha, kwamba unakubali nusu ya pesa, alete pendekezo hilo kupitia kitufe cha mgogoro, nawe utalikubali papo hapo. Masoko mengi yana kitufe hicho, na muuzaji mwema hatumii zaidi ya dakika moja kukibonyeza.